Kutoka "Tambueni" hadi "Tuseme"

Nimewasikia watu wa fasihi wakisikitika kwamba Profesa Penina Muhando Mlama, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, aliiacha tamthilia akaenda kwenye "mambo ya miradi". Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1973 alitoa tamthilia iitwayo Tambueni Haki Zetu. Mwaka 1996 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaanzisha mradi wa wasichana wa sekondari kujitetea kwa maigizo, wakauita Tuseme. Hebu yatamkeni majina hayo polepole. La kwanza linawaamrisha wengine: ninyi wenye nguvu, tambueni. La pili halimngoji mtu. Ni sisi, na midomo ni yetu.

Njia ya kutoka neno moja hadi jingine ilipita Malya, Mwanza. Mapema miaka ya 80 alikwenda huko na wenzake bila tamthilia mkobani. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza kinachowakera, na suala la mimba za wasichana lilipojitokeza, wanakijiji wenyewe wakaliigiza, wakalichezea ngoma, kisha wakalijadili. Miaka hiyohiyo ndipo ilipotoka tamthilia yake Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kusimamisha nguzo na haisimami. Kwangu mimi, kazi hizo mbili ni swali moja. Baadaye aliongoza FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami ni mwandishi ninayeishi kwa ushauri elekezi. Hadithi hazilipi kodi ya nyumba. Kazi moja ilinipeleka kwenye shule ambako wasichana walisogeza madawati ukutani, wakaigiza. Mmoja alivaa koti la kiume, mikono imefunika vidole, akawa mwalimu. Mwenzake akaingia na ndoo kichwani, akaitua, akasema, "Kipindi cha kwanza ni hesabu, lakini sisi tuko kisimani, tunachota maji ya walimu." Mkuu wa shule alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakuna aliyekohoa.

Kwenye ripoti yangu, ndoo ile ikawa sentensi moja ya Kiingereza, katikati ya kurasa sitini. Wasichana wale hawakuiona. Niliyeinyamazisha ni mimi, na nililipwa.

Kwa hiyo tatizo si mwandishi kufanya ushauri. Tatizo ni pale anapoingia kijijini kama msikilizaji na kutoka na maneno ya watu bila kuyarudisha. Siku hizi, kabla ya kusaini mkataba, naomba siku mbili za ziada: nirudi kwa waliozungumza nami, niwasomee kwa Kiswahili nilichoandika, wanikosoe mbele ya wakubwa wao. Wengi wanaonipa kazi hukataa, wanasema bajeti haina nafasi. Wa mwisho amekubali. Tunaondoka Jumatatu.