Ule Mlio wa Nyuma

Ukitaka kununua vani ya zamani uigeuze nyumba, kila mtu atakushauri uangalie injini. Injini hubadilishwa. Bati likishaliwa na kutu, hilo umeoa. Na paa ndiyo usiseme: gari la mizigo likivuja unalowa mzigo, la kulala likivuja unalowa wewe. Kwa hiyo nilipokwenda kuiona vani moja nyeupe, ndefu, isiyo na madirisha nyuma, nilibeba tochi na sumaku niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi.

Sumaku ndiyo iliyotugombanisha mapema na muuzaji. Mlangoni ilinasa vizuri. Nikaishusha juu ya tairi la nyuma, ikateleza ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena. Chini ya rangi pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti tupu, ule udongo wa kuzibia bati lililotoboka.

"Sumaku yako imechoka, kaka," akasema.

Nikagusa boneti, ya moto. Kwenye simu nilikuwa nimemsihi asiiwashe kabla sijafika, maana dizeli chakavu hujianika ikiwa baridi; ukishaipasha mapema huwaka kwa adabu zote.

"Jua hilo," akasema. Tulikuwa kivulini.

Tairi zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi zikang'aa, lakini ubavuni kulikuwa na tarakimu 2311, yaani zilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Akaniambia hiyo ni saizi. Nikaona tusibishane, nikaingia ndani kupima kitanda.

Mimi nina mita 1.8 na ndani upana ulikuwa mita moja na nusu na ushee, kwa hiyo kulala kwa kukingama ni kukunja magoti maisha yote. Nikajinyoosha kwa urefu juu ya zulia jipya lililonukia manukato makali. Manukato ndani ya gari kuukuu yana kitu yanachokificha, na mara nyingi ni unyevu.

"Ngoja nikufungie usikie utulivu wake," muuzaji akasema. Mlango wa kuburuta ukajibamiza.

Utulivu niliusikia kweli. Nikasikia na simu yake ikiita, na sauti yake ikienda mbali: "Haloo? Haloo? Huku mtandao mbovu, ngoja nisogee." Akasogea mpaka nisimsikie.

Nikapapasa kitasa cha ndani, nikakuta tundu na skrubu moja. Mlango wa nyuma ulikuwa umepigiliwa plaiwudi safi, kitasa kikabaki upande wa pili wa plaiwudi. Kati yangu na viti vya mbele kulikuwa na ukuta wa bati, na simu yangu ilikuwa huko mbele ndani ya koti.

Ningepiga kelele palepale, ila nikasikia hatua, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mbona chini imepakwa rangi nyeusi juzi tu?"

"Ni ya kuzuia kutu, mama." Huyo alikuwa kijana wa muuzaji, ambaye hakuwapo nilipofika.

"Au ya kuifunika. Hebu nifungulie nyuma."

"Ufunguo wa nyuma anao bosi, yuko kwenye simu. Anza na chini, mama."

Nikanyamaza. Semeni mtakavyo, lakini mtu anayejua kazi alikuwa ananikagulia gari bure, na mimi nimelala.

Akaingia uvunguni, akaanza kugonga bati kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko, mlio wa bati zima. Halafu pu. Alikuwa anakuja upande wangu. Ko, pu, pu. "Hapa pamekwisha," akasema, sasa ni kama ananinong'oneza, na zulia likatuna, likatoboka, ncha ya bisibisi ikachomoza katikati ya sikio langu na bega.

Nikapiga yowe.

"Umesikia?" mama akauliza.

"Kutu hulia hivyo ikivunjika," kijana akajibu bila kusita. Huyo kijana atafika mbali.

"Lete mpira wa maji nilimwagie paa. Mimi hili nalitaka la kulala."

Hapo nilipaza sauti kwelikweli, lakini maji juu ya bati hayaachi mtu asikilizwe. Mtu fulani aliwahi kukata tundu la feni darini, akaliziba kwa silikoni, na silikoni ilikuwa imebanduka. Kwenye tundu yakaingia machache. Mengi yaliingilia kwenye mshono wa paa, yakasafiri ndani ya dari, yakatokea mbali kabisa, kifuani kwangu. Kwamba tone haliangukii pale lilipoingilia nilikuwa nimelisoma. Sasa nililijua kwa shati.

Kisha injini ikawashwa. Nikamsikia mama akiagiza kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma. "Ona inavyopumua moshi. Ringi za pistoni zimechoka. Na ule wa nyuma ni wa buluu, inakula oili. Haya, tuijaribu barabarani."

Tukaondoka watatu, mmoja tu akijua.

Nikagonga ukuta kwa ngumi.

"Bushi," mama akasema.

Nikagonga kwa ngumi mbili.

"Na shokapu."

Nikalala chali, nikapiga sakafu kwa visigino.

"Hiyo sasa ni difu! Kijana, gari hili mnaliuza au mnalizika?"

Kijana akapunguza bei. Nikagonga tena, akapunguza tena. Mama alikuwa akipita kwenye kila tuta kwa makusudi asikie vizuri, na kila tuta lilinirusha likanirudisha juu ya zulia bichi, kwa hiyo baadhi ya milio ile wala sikuikusudia.

Mahali fulani injini ikazima yenyewe. Kukawa kimya. Nikasogea kwenye ukuta wa bati, nikagonga polepole, mara tatu, nikasema kwa sauti ya mtu mstaarabu: "Hodi."

"Karibu," mama akajibu.

Ilipita nukta hivi kabla hajajisikia. Kisha wakapiga kelele wote wawili, mlango wa kijana ukafunguka, nikasikia viatu vyake vikikata mbuga.

Nikajieleza haraka haraka kupitia bati. Mama alihema, akakaa, akahema tena. Kisha, badala ya kunipa pole, akauliza: "Umekuwa humo tangu nimwage maji?"

"Ndiyo, mama."

"Yameingilia wapi?"

Nikawasha tochi. "Kwenye tundu la feni kidogo. Halafu mshono wa kushoto, karibu urefu wote."

"Na bisibisi yangu ilitokea?"

"Ilitokea, mama. Sikioni."

"Pole mwanangu. Bonyeza hapo kwa kidole. Shimo linaongezeka?"

Likaongezeka. Akanirudisha hivyo hivyo, mimi nikisoma kasoro, yeye akizirudia moja moja asizisahau.

Muuzaji alipofungua mlango na kunikuta nimelowa, alifurahi kuliko nilivyotegemea. "Kumbe mlio ulikuwa huyu! Basi gari zima. Bei irudi palepale."

"Sawa," mama akasema. "Huyu ameshuka. Washa tuone kama na moshi wa buluu ameshuka nao."

Hakuiwasha. Wakavutana mpaka bei ikatua chini ya ile aliyoitaja kijana, ambaye mpaka wakati huo hajarudi. Mama alikuwa na mashine yake ya kuchomelea nyumbani. Alisema sakafu ataikata yote, na injini ataanza kuitafuta taratibu. Akahesabu noti, akachukua kadi ya gari, akalinganisha namba ya chesisi herufi kwa herufi.

Muuzaji akazikunja zile noti, akanigeukia mimi, akataka nilipie zulia.