Maji Yakipwa, Vitabu Vifungwe

Sisi tunaosomesha watoto nyumbani tuna maringo yetu. Hatuna kengele, hatuna sare, hatuna gwaride la asubuhi. Lakini ingia sebuleni mwa wengi wetu saa nne asubuhi: utamkuta mtoto ameinamia kitabu kilichochapishwa Marekani, anajaza pengo kwenye sentensi ya theluji. Na mtoto mwenyewe anaishi Kwale, bahari anaisikia dirishani.

Saa nne nimeitaja makusudi. Pwani ya Kenya, siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana kwenye saa hizo za asubuhi. Bahari inafunuka wakati wanafunzi wa shule wako darasani. Wetu hawana wa kuwazuia. Kama hata hilo hatulitumii, sijui tuliwatoa shule kwa nini. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hata yafike maji mafu, ambapo kupwa huangukia jioni tena maji hayaendi mbali. Mtoto aliyeandika saa hizo daftarini mwezi mzima hana haja ya kukaririshwa habari ya mwezi na bahari.

Mimi masomo haya ya ufukweni ningeyaanzia Gazi, kijiji cha pwani hapo Kwale. Huko kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza mwaka 2013, unaouza hewa ya kaboni, yaani unalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Kina mama wa pale wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya miti. Ni nzuri kwa picha, ila sayansi iko chini yake, matopeni. Tandaza kamba mraba, mita moja kila upande, mtoto ahesabu yaliyomo: mashimo ya kaa, miche, mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, iliyochomoza kama penseli. Kisha asogee kuelekea nchi kavu, ahesabu tena. Aina nyingine zina mahali pake: mbele baharini atakuta mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe uliosimama kwa mizizi yake mirefu, halafu mkandaa. Mbona miti haichanganyiki ovyo? Mwache abuni jawabu lake, bamvua lijalo akalipime.

Alambe jani la mchu, aonje chumvi ambayo mti umeitema. Achimbe kidogo: tope jeusi, harufu ya yai viza. Humo hewa haipenyi, kwa hiyo majani na mizizi iliyozikwa huoza polepole mno, na kaboni yake inabaki ardhini. Tope hilo linalonuka ni sehemu kubwa ya utajiri wa mikoko. (Nguo hazitakati. Wekeni za matope kando, mambo yaishe.)

Kinachonikera ni safari ya mara moja tu: watoto wanashushwa kwenye basi, wanachomeka miche, wanapigwa picha, wanarudi kula chipsi. Mche wa mkoko ukichomekwa mbele kabisa, kwenye mawimbi, mahali pa mlilana, mara nyingi hufa, na hakuna anayerudi kuuona ukifa. Bora mtoto asipande chochote, ila arudi pale pale kila bamvua na daftari lile lile.

Wapo watakaoniambia, "Mimi mwenyewe mikoko siijui." Sawa, wengi hatuijui. Wanaoijua ni wavuvi wa kaa na kina mama waliozaliwa pale. Bibi akisema maji yameanza kurudi, mnatoka, hakuna mjadala. Na walipwe vizuri. Nawajua wazazi wanaolipia masomo ya mtandaoni kwa dola bila kunung'unika, lakini mbele ya mama wa kijijini aliyewatembeza watoto wao asubuhi nzima kwenye jua, wanabishania shilingi 200.