Kunukuliwa sana si sawa na kufanya utafiti bora

Kuna mwandishi anayedai kwamba mtafiti wa tiba ambaye kazi zake zimenukuliwa (yaani kutajwa katika makala za watafiti wengine) mara maelfu ndiye aliyewafaa zaidi wagonjwa. Sikubali hata kidogo. Idadi ya manukuu inaonyesha kuwa kazi imetajwa, haisemi kama imesifiwa au imekosolewa. Makala ya Andrew Wakefield, aliyekuwa daktari Uingereza, ya 1998 katika jarida la The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa rasmi 2010, lakini bado inatajwa sana, na wengi huitaja ili kuipinga. Hata kipimo cha h alichobuni mwanafizikia Jorge Hirsch 2005 ili kupima kazi za mtafiti (h ya 40 maana yake ana makala 40 zilizonukuliwa angalau mara 40 kila moja) hakitofautishi aliyebuni utafiti na aliyeongezwa kwenye orodha ya waandishi kwa ajili ya cheo chake. Nimewahi kukusanya data wodini; wauguzi waliojaza fomu usiku kucha sikuona majina yao popote, na hilo linaniuma mpaka leo. Mnaofanya utafiti, kamati zenu za kupandisha vyeo husoma makala zenyewe au huhesabu manukuu tu?