Moto Ukae Nje ya Silinda

Pita Ubaruku kule Mbarali wakati wa mavuno, uzunguke nyuma ya mashine za kukoboa. Utakuta vilima vya pumba, vingine vinafuka moshi taratibu kwa sababu kuna mtu kavitia kiberiti apate nafasi. Umeme ukikatika, mwenye mashine yuko mbele ya jengo hilohilo analalamikia bei ya dizeli.

Hesabu yenyewe inauma. Gunia la kilo 100 za mpunga linatoa kilo 20 hivi za pumba, na kilo tatu za pumba kavu zina joto linalokaribia lile la lita moja ya dizeli. Ndiyo maana kila mara napata mteja mwenye ombi lilelile: "Fundi, tutengenezee injini moja inayokula chochote. Pumba, magunzi, maranda, vifuu, hata takataka za sokoni."

Siku hizi nawajibu kwamba wanataka kitu kizuri kwa njia mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa njia hiyo niliipita mwenyewe.

Nilichukua injini ya dizeli ya zamani aina ya Lister, ile ya flaiwili mbili (magurudumu mazito ya pembeni) inayodunda polepole, nikaifungia tanuri la pipa. Kanuni ni nyepesi: ukichoma kuni au makaa kwa hewa ya kubania, unapata gesi yenye monoksidi ya kaboni na haidrojeni, na injini inaweza kuivuta. Nusu ya gesi hiyo ni naitrojeni isiyowaka, kwa hiyo nguvu inapungua. Dizeli kidogo nayo lazima ibaki ya kuwashia, maana gesi peke yake haiwaki kwa mgandamizo. Kwa mkaa ilikwenda vizuri, nikaanza kujisifu. Nikamwaga magunzi ambayo hayajakauka sawasawa.

Asubuhi yake injini ilipowashwa ilitoa mlio kama wa nyundo, ikazima. Nilipofungua hedi, shina la valvu ya kuingiza lilikuwa limeganda kwa kitu cheusi kinachonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Pushrodi, ule ufito unaosukuma valvu, ilikuwa imepinda. Kitu hicho ni lami: moshi wa kuni ambao haukupata joto la kutosha kuvunjika, ukapoa njiani na kugandia kwenye chuma.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ili lami ivunjike, koo la tanuri, ile sehemu nyembamba gesi inapopitia, linatakiwa lifikie nyuzijoto 1,000 hivi, na ukubwa wa koo hilo hupimwa kwa kuni za aina fulani, ukubwa fulani na ukavu fulani. Ukitia pumba, zinashikamana na hewa haipiti, halafu sehemu moja kwa tano ya uzito wake inabaki kuwa majivu. Majivu hayo karibu yote ni silika, yaani ndugu wa mchanga. Yakiponyoka kwenye chujio, umeweka msasa kati ya ringi na silinda.

Wakubwa walishatangulia kugonga mwamba. Rudolf Diesel mwenyewe alifikiria kutumia vumbi la makaa ya mawe, lakini injini yake iliyofanikiwa mwaka 1897 ilikuwa ya mafuta. Sweden wakati wa Vita Kuu ya Pili iliendesha magari zaidi ya 70,000 kwa gesi ya kuni na mkaa. Yalitembea kweli, lakini kwa kuni zilizokatwa na kukaushwa, na petroli iliporudi watu waliyatupa matanuri haraka mno.

Sasa tazama wanaochoma uchafu kila siku bila kelele. Viwanda vya sukari, Kilombero na TPC kule Moshi, vinachoma makapi ya miwa chini ya boila na kupata mvuke na umeme. Moto hauigusi mashine. Lami na majivu vinaishia kwenye tanuri na bomba la moshi, mahali ambapo mtu na koleo anaweza kuvifikia.

Kwa mashine ndogo ya kijijini, mvuke una aibu zake. Sehemu kubwa ya joto inapotea, na boila lisiloangaliwa maji ni bomu. Mchungaji wa Uskoti, Robert Stirling, alisajili mwaka 1816 injini ya hewa moto isiyohitaji boila kabisa. Moto wake unakaa nje ya silinda, kwa hiyo inakubali joto la kitu chochote kinachowaka, ila ni nzito kwa nguvu inayotoa, na kuziba hewa isivuje ni kazi ya fundi mwenye subira. Mimi bado naiona bora. Pumba zipo bure, kwa hiyo upotevu wa joto haunitishi kama ulimbo ule.

Tena joto hilo "linalopotea" lina kazi. Mpunga unatakiwa ushuke hadi unyevu wa asilimia 14 hivi kabla ya kukobolewa, na sisi bado tunauanika kwenye maturubai huku tukichungulia mawingu. Mteja akitaka injini ya kazi nyingi, namwambia kazi ya kwanza ni kukausha mpunga, ya pili ndiyo kuzungusha mkanda. (Plastiki asiniletee. Moshi wake ni sumu, na chumba cha kukaushia chakula si mahali pake.)

Kwa hiyo karakana sasa ina tanuri la matofali lenye wavu unaobadilishwa, mmoja wa pumba, mwingine wa magunzi na vifuu. Injini haijafungwa bado. Jana jirani alikuja na magunia mawili ya mpunga uliolowa, akauliza kama anaweza kuyaweka juu ya tanuri.