Nani Aliulizwa Kuhusu Anga?

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu huku Mbagala, ilisambazwa video ya msururu wa taa zikipita angani, ikiambatana na maelezo kwamba hiyo ni dalili ya Kiyama, na kabla ya adhana ya Isha watu wazima na akili zao walikuwa wamekwisha kuipeleka kwingineko. Kijana aliyeeleza kwa adabu kwamba zile ni setilaiti za Starlink, mtandao wa intaneti wa kampuni ya SpaceX ya Marekani, zinazoonekana zikifuatana kabla hazijapanda na kutawanyika kilomita 550 hivi juu yetu, aliambulia emoji ya kucheka.

Hofu yao siibezi, maana anga kweli limebadilishwa na hakuna aliyetuuliza. Mei 2019 SpaceX ilirusha setilaiti 60 kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo zimefuata maelfu kwa idhini ya mamlaka ya Marekani, ingawa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema matumizi yake yawe kwa manufaa ya nchi zote. Setilaiti hizo hung'aa zaidi jioni na alfajiri, na jioni ndiyo saa yetu ya kutafuta mwezi mwandamo. Darubini ya Vera C. Rubin huko Chile, iliyojengwa ili ipige picha anga la kusini lote kila baada ya siku chache, itaivumilia michirizi yao ya mwanga kwenye picha zake. Na mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya redio ya LOFAR walibaini kwamba setilaiti hizo huvujisha mawimbi ya redio yasiyokusudiwa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba zahanati isiyofikiwa na mkongo wa intaneti inanufaika, na kwamba nyota za Kilimia tulikwisha kuzifunika wenyewe kwa taa za mabango ya barabarani.

Ila nimechoka kuambiwa kwamba dawa ya uvumi kama ule wa Kiyama ni "elimu kwa watumiaji". Aprili 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliosambazwa mno usipelekwe kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati, na kwa maelezo yake usambazaji huo ukashuka kwa asilimia 70, bila mtumiaji yeyote kupewa semina. SpaceX nayo ilianza kupunguza mng'ao wa setilaiti zake baada ya wanaastronomia kulalamika. Kumbe inawezekana! Mwenye kampuni hiyo, Elon Musk, aliyeinunua Twitter (sasa X) mwaka 2022, anamiliki taa na uwanja wa kuzibishania, naye hatajiwekea mipaka kwa hiari. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, linalogawa masafa ya setilaiti, na hadi leo hakuna sheria ya kimataifa inayoweka kikomo cha mng'ao wake. Wajumbe wetu wakienda huko, waanze na hilo.