Tuko Hewani, Bosi

Ukurasa wetu wa Facebook ulikuwa kama ubao wa matangazo ya msiba. Bomba kuu limepasuka. Umeme umekatika kwenye pampu. Tunaomba radhi. Na chini ya kila tangazo, wateja na lile swali lao: "Maji lini?" Sisi ni mamlaka ya maji ya mji ambao sitautaja, maana bado nakula huko.

Nikaambiwa niandike mkakati wa mitandao ya kijamii. Nikaandika kurasa kumi na moja, lakini kiini kilikuwa sentensi moja: tuache kuwatangazia watu, tuzungumze nao. Mkurugenzi akaipenda kuliko nilivyotaka. "Basi nitazungumza nao mimi," akasema. "Mubashara."

Tukapanga Jumatatu, Oktoba 4, 2021, ufunguzi wa Wiki ya Huduma kwa Wateja, saa 1:00 usiku. Mchana wa siku hiyo nikabadilisha nywila ya ukurasa, kwa sababu mkakati wangu mwenyewe ulikataza nywila ya jina la ofisi na 123 mbele yake.

Saa 12:40 jioni nafungua ukurasa, haufunguki. Nikazima data, nikawasha. Nikanunua bando. Nikanunua bando la laini nyingine. Nikamwandikia kijana wa TEHAMA kwa WhatsApp, ujumbe ukaganda hapo hapo. Nikajua ni ile nywila. Usiniulize nywila ya ukurasa mmoja inazimaje WhatsApp. Mtu akishaona barua ya kujieleza mbele yake haulizi maswali kama hayo.

Mkurugenzi akatokea uwanjani amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tulimwekea kiti karibu na geti, nyuma yake tenki la ofisi. Akakohoa. "Tuko hewani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikafungua kamera ya kawaida, nikabonyeza kurekodi.

"Tuko hewani, bosi."

Alizungumza vizuri, sikatai. Baada ya robo saa akauliza wangapi wanatutazama. Nikageuka: mlinzi, fundi bomba wa zamu, na mama wa jirani aliyekuja na ndoo. "Wanaongezeka, bosi."

"Nisomee maswali."

Nikakodolea kioo. "Kuna, kuna Bi. Asha wa Sokoni. Anasema... hongereni, tangu uje wewe maji yanatoka mpaka anayachoka."

Bosi akatabasamu mpaka nikaona jino la nyuma. Alimjibu Bi. Asha dakika saba. Nikamwongezea maswali mengine mawili ya Bi. Asha, kwa kuwa alishazoeleka na sikuwa na muda wa kuzaa mteja mwingine.

Mlinzi akashindwa kuvumilia. "Samahani mkubwa, na mimi niulize. Kwangu bomba linakoroma tu usiku kucha, tone hakuna, ila dira inazunguka. Ankara inakuja. Nalipia nini?"

Bosi akadhani ni sehemu ya mkakati. Akaeleza kwamba wakati wa mgao mabomba hujaa hewa, maji yakirudi yanaisukuma hewa mbele, nayo ikipita kwa kasi inazungusha dira. Dawa yake ni valvu ya kutolea hewa, na atapeleka fundi. Fundi wa zamu akaangalia chini. Yule mama wa ndoo akapiga makofi, peke yake. Hilo ndilo jibu bora tulilowahi kumpa mteja, na halikumfikia mtu yeyote nje ya geti.

Asubuhi nikaitwa. Bosi alikuwa na habari za dunia mkononi. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Wahandisi wao walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, ikatolewa amri moja ikakata mtandao wao wenyewe. Telegram peke yake ilivuna watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 siku hiyo. Furaha niliyoipata! Sikuwa mimi! Nikakaribia kushangilia.

"Hapa wanasema ulizimika saa 12:39," akasema. "Sisi tulianza saa ngapi?"

Nikanyamaza.

"Sasa Bi. Asha ni nani?"

Alikuwa ameshaagiza zawadi ya Mteja Bora. Tenki la lita 500, limeandikwa jina kwa rangi ya bluu, lilikuwa tayari limeshushwa pale pale uwanjani. Ijumaa ya kufunga wiki, mbele ya wageni, lilimwendea mlinzi, kwa maelezo kwamba Bi. Asha amesafiri.

Juzi nimemuuliza linamfaaje. Akaniambia, "Mwanangu, maji bado. Lakini upepo umejaa mpaka juu."