Vielekezi vya Trela ya Boti Vichaguliwe kwa Kuutazama Ubavu wa Boti

Mtu anaponunua trela ya boti huuliza habari za magurudumu, breki, winchi ya kuivutia boti na taa. Vielekezi, yaani zile nguzo au mbao zinazofungwa pande mbili za trela ili boti inaporudi kutoka majini iingie katikati, huviona kuwa pambo la kuongezwa baadaye. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, mpaka jioni moja nilipokuwa nikipakia boti peke yangu huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ilikuwa imekwisha kufika kwenye winchi na mkanda ulikuwa umekazwa, lakini tezi, yaani sehemu ya nyuma, ilikuwa imesukumwa kando bila mimi kutambua, na nilipoivuta trela nje ya maji boti ilitua mshazari, ubavu wake mmoja ukiwa umelalia madigadi. Mkwaruzo niliouona pale ulikuwa mrefu kama mkono wangu.

Sababu ya ajali ndogo kama hiyo haina siri yoyote. Trela inapoingizwa majini kwenye mteremko, sehemu yake ya nyuma ndiyo inayozama zaidi, kwa hiyo wakati omo imeshakaa mahali pake na kushikwa, tezi bado inaelea na iko huru kufuata upepo au mkondo. Boti huzunguka kwenye omo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Kwa hiyo vielekezi hufungwa karibu na mwisho wa trela, na mtu anayevifunga katikati, kwa kuwa hapo ndipo alipopata nafasi kwenye fremu, amejinyima sehemu kubwa ya faida yake.

Aina inayonunuliwa sana ni nguzo za kusimama: bomba la chuma lililopindwa kama herufi L na kuvikwa mrija wa plastiki, kwa kawaida lenye urefu wa mita 1 hadi 1.5 hivi. Nguzo hizi zina sifa kubwa moja, nayo ni kwamba huonekana. Trela ndogo ikiwa tupu hupotea kabisa nyuma ya gari, na dereva anayerudi nyuma huigundua tu inapokwisha kukunjika upande usiotakiwa. Nguzo mbili zikionekana kwenye vioo vya pembeni, tatizo hilo huisha siku hiyo hiyo. Vilevile trela ikiwa imezama, nahodha huona lango la kulilenga. Zipo hata nguzo zenye taa juu yake, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu taa iliyo juu ya maji haiharibiwi na maji, nayo dereva aliye nyuma yako barabarani huiona mapema.

Lakini kuonekana si kushika. Nguzo huigusa boti mahali pamoja tu, tena hujipinda inaposukumwa, na hivyo boti nzito ikipigwa na upepo wa ubavuni itaisogeza nguzo sentimita kadhaa kabla ya kuzuiwa. Mbao za ubavuni hufanya kazi kwa namna nyingine. Hizi ni mbao fupi zilizovikwa zulia, zinazolazwa sambamba na boti, chini zaidi kuliko ncha za nguzo, na kwa kuwa huigusa boti kwa urefu wote wa ubao, huilazimisha inyooke badala ya kuizuia isipite tu. Kwa mtu anayepakia peke yake, hasa mahali penye mkondo, maoni yangu ni kwamba mbao hizi zina thamani kuliko nguzo. Kasoro yake ni kwamba trela ikizamishwa sana kwenye mteremko mkali nazo huzama, na nahodha hawezi kulenga asichokiona. Mwenye uwezo afunge mbao, kisha asimamishe nguzo nyembamba kwenye ncha zake za nyuma.

Kabla ya kulipa, hata hivyo, ningemshauri mnunuzi aiache trela na kuitazama boti yenyewe. Boti yenye kitako cha umbo la V, ikiwa trela ina roli (vigurudumu vinavyozunguka) za kupokea mkuku, ule uti wa chini ya boti, hujitafutia katikati kwa uzito wake mara inapoanza kutua, na kwake nguzo zinaweza kutosha. Boti ya kitako bapa haina kitu cha kuizuia isiteleze kando, kwa hiyo inahitaji mbao za chini zinazoushika ubavu wake mfupi. Boti ya mpira inayojazwa upepo ina mbavu laini, na zulia lililojaa mchanga huikwangua kama msasa. Hiyo ipewe vielekezi vyenye uso laini unaosafishika kwa urahisi. Roli za ubavuni huvutia kwa kuwa huzunguka na kupunguza msuguano, ila huweka mgandamizo wote mahali padogo, na sipendi kuziona zikiegemea boti ya alumini yenye bati jembamba.

Vipimo vichukuliwe boti ikiwa nchi kavu, imekaa sawasawa juu ya trela na kuvutwa mpaka kwenye winchi, si trela ikiwa tupu. Pima upana na kimo cha chuma cha fremu, kwa kuwa bolti za umbo la U huuzwa kwa ukubwa maalumu na zisizolingana na fremu hazikazi hata ukizikaza mpaka nati zichoke. Kati ya kielekezi na ubavu mimi huacha sentimita 3 hivi kila upande. Ukibana zaidi ya hapo, boti ikiingia ikiwa imepinda kidogo hukwama. Ukiacha nafasi ya kiganja kizima, umenunua vyuma visivyofanya kazi. Kumbuka pia kwamba sheria za barabara huweka kikomo cha upana, ambacho katika nchi nyingi kiko kati ya mita 2.5 na 2.6, na vielekezi vilivyotokeza nje huhesabiwa.

Kuhusu madini, anayepakia kwenye maji ya chumvi asikubali vyuma vilivyopakwa rangi tu, kwa sababu kutu huanzia kwenye mchubuko wa kwanza. Chuma kilichochovywa zinki hudumu zaidi. Ikiwa fremu ni ya alumini, weka kipande cha plastiki kati yake na chuma cha kielekezi, maana madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa, na hapo, zinki ikishaisha, litakaloliwa ni alumini ya fremu yako. Nati ziwe za kujikaza, yaani zisizolegea kwa mtikisiko, na zikaguliwe baada ya safari ya kwanza.

Nimewaona watu wakiifunga boti kwenye nguzo hizi kabla ya kuingia barabarani, kana kwamba ni sehemu ya kuishikilia safarini. Jambo hilo linanisikitisha sana, kwa kuwa vielekezi havikuundwa kubeba uzito wala kuhimili boti gari linapofunga breki; kazi hiyo ni ya mikanda ya tezi pamoja na mnyororo wa omo, ambayo hufungwa kwenye fremu yenyewe.